Upepo Haujui Jahazi ni Dogo

Leo nazungumzia redio, lakini si hii iliyo juu ya kabati lako. Nazungumzia redio inayoendesha jahazi. Jahazi lenyewe lina urefu wa sentimita 90, lina mlingoti, foromali, tanga na usukani, na limeundwa Gesima, kaunti ya Nyamira, mahali ambapo mtu akitaka kuiona bahari hupanda basi jioni akalala njiani.

Najua umecheka. Jirani yangu alicheka kabla yako. Huyu ni mzee wa heshima zake, mimi humwita Omogaka kama wanavyomwita wengine, naye huniita Mwalimu ingawa niliacha chaki zamani. Alipita uani siku moja akanikuta na msumeno, mbao nyembamba zimenizunguka kama maganda ya muwa. Akauliza, "Mwalimu, huo mzinga utaingia nyuki wangapi?" Nikamwambia, "Si mzinga, Omogaka. Ni jahazi." Akanyamaza. Akatazama chai upande wa juu, akatazama chai upande wa chini. "Jahazi," akasema. "Nalo litaelea juu ya umande?"

Swali lake lilinikaa rohoni. Lakini wazo la jahazi nililipata kabla ya hapo, Kisumu, mwezi wa Machi mwaka 2021. Huenda unaikumbuka Flipflopi, ile mashua ya rangirangi iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, chini ya fundi Ali Skanda. Ina urefu wa mita 9, kama tani 10 za plastiki zilitumika, na ubavuni imevikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Iliteremshwa majini Lamu mwaka 2018, mwaka uliofuata ikatweka tanga hadi Unguja, safari ya kilomita 500. Mwaka huo wa 2021 ilipakiwa kwenye lori, ikavuka nchi nzima, ikaja kuelea Ziwa Viktoria.

Watu walikuwa wakitazama ndara. Mimi nilikuwa nikitazama mikono ya mabaharia. Nilikuwa sijawahi kuona kwa karibu jinsi tanga la pembetatu linavyoamrishwa: huyu ameshika demani, ile kamba ya tanga, yule yuko usukanini, wengine wawili wanahangaika na foromali, ule mti unaobeba tanga, na hakuna anayepaza sauti. Nilirudi nyumbani na swali moja. Je, kazi ya mikono ile yote yaweza kufanywa na mtu mmoja aliyesimama nchi kavu, na rimoti mkononi?

Ningeweza kununua chombo cha vipande, kinachokuja sandukuni na karatasi ya maelekezo. Si aibu. Hata SS William Mackinnon, ile stima ndogo ya ziwani, ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuungwa Kisumu, ikaingia majini mwaka 1900. Lakini sanduku la namna hiyo lina bei ya ndama, na ndani yake huwezi kukuta jahazi la Waswahili. Utakuta mashua ya mashindano ya Wazungu yenye tanga lililosimama wima. Basi nikaamua kuanza na mti.

Mafundi wa Matondoni, kule kisiwani Lamu, hawana haja ya michoro. Fundi anatazama mbao, anatazama mkuku, anakata. Mimi sina jicho hilo, kwa hiyo nilibandika magazeti makuukuu sakafuni nikachora jahazi kwa ukubwa wake kamili, nikalifuta, nikalichora tena, mpaka mke wangu akauliza chumba kitarudi lini kuwa chumba. Mataruma, zile mbavu za ndani, niliyakata kwa plaiwudi. Mbao za ubavuni ni saipresi, nimezipasua unene wa milimita 4, zikalowekwa maji moto ndipo zikubali kupinda. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, nilizichonga kwa omotembe, ule mti wa maua mekundu na miiba. Ukiwa mkavu ni mwepesi ajabu, na kisu kinaupita bila ugomvi.

Nilipomaliza lilipendeza. Mpwa wangu, yuko gredi ya nane na ndiye msaidizi wangu wa Jumamosi, alilipiga picha akawatumia rafiki zake. Tukalijaribu kwenye pipa la maji ya mvua. Dakika ya kwanza lilielea. Dakika ya kumi lilielea. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi lilikuwa limefunuka ubavu mzima kama ndizi iliyomenywa, na maji ya pipa yamekuwa meupe.

Ilikuwa gundi. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao, ileile inayounga viti vya sebuleni, na gundi hiyo haikuahidi mtu yeyote kwamba itakaa majini. Wenzetu wa pwani hawategemei gundi. Wanakalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa katika kila upenyo wa mbao hadi maji yakose mlango. Kwa mbao za milimita 4 huwezi kushindilia kitu. Dawa niliipata kwa mafundi wa Keroka wanaoziba bodi za matatu: rezini na kitambaa cha nyuzi za kioo. Nilianza upya, mbao mpya, wiki tano. Safari hii nikapaka rezini ndani na nje. Inanuka vibaya na inawasha ngozi, fanyia kazi nje, uvae glavu.

Tanga ndilo lililonigharimu kidogo kuliko vyote. Zamani majahazi yalivaa tanga la pamba, la marekani, lakini pamba ikilowa inakuwa nzito, na juu ya jahazi dogo kila gramu iliyoko mlingotini ni adui. Unahitaji kitambaa chepesi kisichonywa maji. Sasa niambie, kuna nyumba gani Gesima, kwa mvua hizi zetu, isiyokuwa na mwavuli uliovunjika mbavu? Nilikusanya mitatu. Tanga letu ni jeusi, lina vipande sita, na pembeni bado kuna maandishi ya kampuni ya bima ambayo sitaitangaza bure.

Sasa nifike palipo na moyo wa maneno yangu. Kama una kalamu karibu, ishike.

Watu hudhani kuunda chombo kidogo ni kukipunguza kikubwa. Chukua mashua ya mita 9 yenye uzito wa tani 6. Ipunguze mara 10. Urefu sasa ni sentimita 90. Tanga lina urefu na upana, kwa hiyo eneo lake limepungua mara 10 kwa 10, yaani mara 100. Mwili wa chombo una urefu, upana na kina, kwa hiyo uzito umepungua mara 1,000: tani 6 zimekuwa kilo 6. Mpaka hapo hesabu ni nzuri.

Kisha upepo unakuja, nao haukupunguzwa. Upepo unaoteremka kutoka vilimani na kutikisa mikaratusi ya Gesima haujui kwamba jahazi ni dogo. Nguvu yake ya kulilaza jahazi ubavu hutokana na eneo la tanga, lililopungua mara 100, na urefu wa mlingoti, uliopungua mara 10. Kwa jumla imepungua mara 1,000. Lakini nguvu ya jahazi kujisimamisha hutokana na uzito wake, uliopungua mara 1,000, na nafasi ambayo uzito huo unaitumia kuvuta kurudi wima, ambayo nayo imepungua mara 10. Jumla, mara 10,000. Kwa maneno mengine, katika upepo uleule, jahazi langu ni dhaifu mara 10 kuliko mama yake. Upepo ambao nahodha wa Lamu anauita mwanana, kwangu ni tufani.

Nahodha wa Lamu ana dawa yake pia. Siku ya mashindano mashua hubeba magunia ya mchanga, yanahamishwa kila upepo unapobadilika upande, na vijana wanatambaa juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo, wakaning'inia juu ya maji kuupinga upepo kwa miili yao. Farumi yao, uzito wa kukizuia chombo kisipinduke, ina miguu. Ya kwangu haina. Ndani ya jahazi langu hakuna baharia hata mmoja, na hapo ndipo nilipotambua kile nilichokuwa nikikitazama kule Kisumu. Tanga na mbao ni nusu ya chombo. Nusu nyingine ni watu, na hiyo ndiyo nilipaswa kuiunda kwa vyuma na kamba.

Kwa farumi, dawa ni kuipeleka chini sana. Nilitengeneza mkuku wa kuchomeka, ubao mwembamba unaoshuka sentimita 30 chini ya jahazi, mwishoni kuna uzito. Hata wale wanaoshindana kwa mashua za redio za mita 1 huko ng'ambo hufanya hivyo: chombo hakiruhusiwi kuwa chini ya kilo 4, na zaidi ya nusu ya kilo hizo hukaa chini kabisa. Likiwa majini, ubao huo hauonekani. Likipandishwa mezani, unauchomoa na jahazi linarudia umbo lake la heshima.

Uzito wa nini? Omogaka, ambaye kufikia wakati huo alikuwa akija kila jioni kutazama nimeharibu nini, alitoa shauri la kizalendo: jiwe la Tabaka. Mawe ya Kisii yameenda mpaka Ulaya yakiwa vinyago, kwa nini yasiingie chini ya jahazi? Nilimkalisha tukapiga hesabu. Jiwe lile la ujazo wa lita moja lina karibu kilo 2.7. Likizama, maji yanalibeba kwa kilo moja, linabaki na 1.7. Madini ya risasi, lita moja, ni kilo 11.3, yakizama yanabaki na 10.3. Yaani risasi inafanya kazi ya mawe sita ya ukubwa uleule. Omogaka akasema hesabu ni sawa ila haina uzalendo.

Risasi nilipata kwa mafundi wa magurudumu, vile vipande vidogo vya kusawazishia. Wengi wangeniambia niyeyushe. Hapana, na nakuomba wewe unayesikiliza usijaribu jikoni kwako, wala usipasue betri kuukuu ya gari. Tunayo habari ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliolishwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Watoto ndio walioumia zaidi. Mimi nilivipanga vipande vyangu, vikiwa baridi hivyohivyo, ndani ya bomba la plastiki, nikamimina rezini kuvishika. Kilo 2 na nusu. Bomba ni nene kuliko nilivyotaka, na linalichelewesha jahazi, lakini nalala usingizi.

Tuje kwenye redio yenyewe. Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha hadharani chombo cha majini kinachoendeshwa kwa mawimbi ya redio alikuwa Nikola Tesla, mjini New York, mwaka 1898, katika dimbwi ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden. Kumbuka mwaka huo. Matangazo ya redio kwa umma, haya ninayoyafanya sasa, yalikuwa bado zaidi ya miaka 20 kuzaliwa. Redio ilielekeza chombo kabla ya kutuimbia.

Mawimbi yanayokuletea sauti yangu, kama unasikiliza FM, kila moja lina urefu wa mita 3 hivi. Ya rimoti za siku hizi, zinazotumia gigahezi 2.4, yana urefu wa sentimita 12 na nusu. Mawimbi mafupi hivyo hayapendi maji hata kidogo. Kipokezi kikikaa chini ya usawa wa maji, jahazi linakuwa kiziwi. Kwa hiyo kipokezi changu kipo juu karibu na sitaha, ndani ya kopo la siagi lililofungwa, na antena, uzi mfupi kuliko kidole cha mtoto, imefungwa kwenye shina la mlingoti.

Kwanza nilijaribu ubahili. Nilifungua gari la kuchezea la mtoto, nikatoa mtambo wake. Kasoro yake ni kwamba lina maneno mawili tu: kushoto kabisa, kulia kabisa. Usukani wa jahazi unataka lugha pana zaidi. Kinachotakiwa ni sevo, kisanduku kidogo kama kiberiti chenye mota, giya na akili kidogo. Ukisukuma kijiti cha rimoti robo, mkono wake unasogea robo na kukaa papo hapo mpaka uuambie vingine. Sevo nilizinunua Nairobi, pamoja na rimoti. Moja ilikuwa imekufa tangu dukani, na wenye duka hawakutaka kuijua maiti yao. Tuendelee.

Sevo moja imeshika usukani, nyingine imeshika demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga. Hii ya demani ilitusumbua. Mkono wake unazunguka robo duara tu. Tuliupa urefu wa sentimita 10, ukavuta kamba sentimita 14, na tanga lilihitaji karibu mara mbili yake. Ni mpwa wangu aliyekumbuka kapi la kisimani kwa nyanya yake. Tukaipitisha kamba kwenye kijikapi tulichochonga kwa kifungo cha shati, na sentimita 14 zikawa 28. Mtoto huyo sasa hawezi kuambiwa kitu.

Lakini foromali, msikilizaji, foromali ilitushinda. Na sioni haya kusema. Tanga la jahazi limening'inia kwenye foromali ndefu iliyoegemea upande mmoja wa mlingoti. Jahazi likigeuka ili upepo uje kutoka ubavu wa pili, mabaharia hulegeza demani, wanalikusanya tanga, wanaisimamisha foromali na kuivusha mbele ya mlingoti hadi upande mwingine, kisha demani inarudishwa nyuma. Ndiyo sababu mlingoti wa jahazi huinama kwa mbele, ili pawe na nafasi ya kazi hiyo. Wanaume wanne, labda watano, na chombo kinayumba. Nilijaribu sevo ya tatu. Nilijaribu mpira wa baiskeli. Nilijaribu kamba mbili zinazopokezana, zikasukana kama nywele. Miezi miwili.

Mwishowe tuliiacha foromali upande mmoja, milele. Upepo ukija kutoka ubavu mmoja, tanga linajaa vizuri, mbali na mlingoti, na jahazi linakwenda kama limetumwa. Ukija kutoka ubavu wa pili, tanga linabanwa kwenye mlingoti, linapata kunyanzi katikati, na mwendo unapungua. Mpwa wangu anauita upande wa kununa. Kwa hiyo tukipiga bisho kwenda kinyume cha upepo, mkondo mmoja ni raha na mmoja ni kununa, raha na kununa, mpaka tufike.

Maji tulipata wapi? Hapa ndipo Omogaka alipolipa deni la utani wake. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake kulikuwa na mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, kila bwawa mita mraba 300. Omogaka alichimbiwa moja. Ngege waliisha zamani, wengine walivuliwa, wengine waliliwa na korongo, lakini bwawa lipo, mita 20 kwa 15, chini kidogo ya kituo cha kupimia majani chai. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nina maji zaidi ya umande."

Tuliliteremsha Jumamosi moja alasiri. Watu walikuwa wamepanga foleni na vikapu vya chai, na foleni ikahamia bwawani. Jahazi liliondoka ukingoni kwa upande wa raha, tanga jeusi limefura, povu jembamba omoni. Lilifika ng'ambo ya pili kabla sijaamua niliambie nini. Nikageuza. Likanuna, likarudi polepole. Mtoto mmoja akauliza aliye ndani ni nani.

Halafu upepo ukakatika. Ukakatika kabisa, kama umeme wetu. Jahazi likasimama katikati ya bwawa. Nikisukuma kijiti, usukani unaitika, kushoto, kulia, demani inakaza, inalegea, kila kitu kinasikia na hakuna kinachokwenda. Omogaka akainama sikioni pangu: "Hiyo redio yako haina stesheni ya upepo?"

Stesheni ilikuja yenyewe. Wa Gesima wanajua: upepo ukinyamaza saa kumi jioni, na mawingu yamekuwa rangi ya masizi, kinachofuata ni mvua ya mawe. Tone la kwanza lilipiga maji kama kokoto. Watu wote wakakimbilia chini ya mabati ya kituo cha chai, na mimi pamoja nao, nikimvuta mpwa wangu kwa shati. Rimoti alikuwa nayo yeye. Bwawa halikuonekana vizuri, lilikuwa linachemka kwa barafu, na ndani yake kitu cheusi kimelala ubavu hadi tanga linagusa maji, kinainuka, kinalala tena, kinainuka. Mabati yalipiga kelele hata sikusikia alichosema. Niliona tu kidole gumba chake kikisogeza kijiti taratibu, robo, kisha nusu. Kutoka pale hadi bwawani ni kama mita 60. Omo ikaanza kugeuka kuelekea ukingo wa matete.

Lilikuwa bado linasikia.